Miti ya Kioo na Mlima wa Mashine

Vijana wa Bukoto mnaokuja kukaa barazani kwangu na simu zenu, nawasalimu. Mmenionyesha picha zinazojizaa zenyewe. Mnazivuta kwa vidole viwili, zinafunguka ndani kwa ndani, kisha mnaniangalia usoni kuona kama nitashangaa. Sikushangaa. Kazi hiyo niliifanya kabla hamjazaliwa, na sehemu yake niliifanya kwa kisu cha kupakia siagi.

Mnaziita fraktali. Jina zuri, lingefaa dawa ya minyoo. Sisi kwenye karakana yetu Kamwokya tuliziita "zile zenye watoto", kwa sababu ndani ya umbo kuna umbo lile lile dogo, ndani ya hilo dogo kuna jingine, na ukoo hauishi. Anayetaka maelezo marefu kuliko hayo amtafute mtu mwenye subira kunishinda.

Nilifika Kampala kutoka Busia, upande wa Kenya, vita vikiwa vimekwisha si zamani. Mji ulikuwa unajipaka rangi upya. Kila mwenye duka alitaka bango jipya, maana la zamani lilikuwa na matundu ya risasi, na mteja hapendi kununua mkate chini ya matundu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuyaziba. Nilichanganya gundi na unga wa mbao, nikajaza, nikapiga msasa. Bango moja la soda lilikuwa na matundu mengi kiasi kwamba mwishowe lilikuwa gundi yangu zaidi kuliko mbao zao. Mwenye karakana akaona nina mkono mtulivu, akaniambia nisirudi Busia.

Aliitwa Kato. Kwa Waganda, Kato ni pacha wa pili. Wa kwanza sikumwona kamwe, na nilipouliza aliniambia mmoja anatosha. Kiganda changu kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo alinisemesha Kiswahili, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kato alikuwa amejifunza Kiswahili chake chote kwenye vizuizi vya barabarani miaka ya vita, kutoka kwa askari. Hakujua Kiswahili cha kuomba wala cha kushukuru. Rula ikianguka chini ya meza aliniambia, "Wewe Mukenya! Lala chini!" Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kwa Kato ulilala kabisa. Akitaka kuona kazi yangu alisema, "Simama hapo! Toa!" Na akiridhika, akiridhika kweli kweli, alisema, "Haya, pita." Wateja wapya walikuwa wakinihurumia. Hawakujua kwamba nimesifiwa.

Yeye ndiye aliyenifundisha miti ya kioo. Nawaeleza jinsi inavyofanywa, maana hakuna simu inayoifanya. Chukua vioo viwili vya dirisha, uvisafishe kwa gazeti. Weka tone la wino mzito wa kuchapia katikati ya kimoja, funika kwa kingine, ukandamize kwa kiganja mpaka wino utandae kama chapati. Sasa penyeza ncha ya kisu pembeni, uinue kioo cha juu upande mmoja tu. Hewa inaingia ndani ya wino, inajitafutia njia, inagawanyika, kila njia inazaa njia, na mbele ya macho yako unaota mti: shina, matawi, vijitawi, mpaka vya kuonekana kwa miwani tu. Ukiinua haraka, matawi yanakuwa membamba na mengi. Ukiinua polepole, yananenepa. Ukipinda mkono, unapata mti uliopigwa na lori. Kisha unalaza karatasi juu ya kioo, unapapasa kwa kitambaa, na mti unahamia kwenye karatasi.

Niliharibu vioo vingi. Kosa langu lilikuwa kutaka kuusaidia mti. Nikiona tawi linaenda vibaya, nilikuwa nausogeza mkono ili lirudi, na picha yote ilikuwa matope. Kato alisimama nyuma yangu akafoka, "Acha! Hapana saidia! Mti najua njia yake!" Nikaacha kusaidia. Siku hiyo nilipata mti wa kwanza unaofaa kutazamwa, nao ukawekwa kwenye kadi za shule moja ya watoto, ambao waliuita mapafu. Watoto hao walisema kweli. Mti, mapafu, mto na vijito vyake, hiyo yote ni kazi ya fundi mmoja asiyependa kubadilisha mtindo.

Kisha kompyuta ikaja. Mpwa wa Kato alirudi kutoka ng'ambo, akaileta kama zawadi, pamoja na diski yenye programu za kuchora zile zenye watoto. Kato aliizunguka mashine ile kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Akaniamuru nikae mbele yake. Yeye mwenyewe hakukaa hapo hata mara moja, ila alikuwa na maoni.

Mjue kwamba mashine zile zilichora mstari mmoja mmoja, kutoka juu kwenda chini. Uliwasha asubuhi, ukaenda kunywa chai, ukapaka bango la kinyozi, ukarudi ukakuta robo ya picha. Umeme ukikatika, na ulikatika kwa moyo wote, ulianza tena juu. Tulinunua betri ya lori tukaiunganisha, nayo ilitusaidia sana kuona taa ikiwaka huku kompyuta imezimika.

Picha ya kwanza tuliyouza ilikuwa ile maarufu ambayo ninyi mnaivaa kwenye fulana: mwili mnene wa mviringo, kichwa cha mviringo mbele yake, na vinywele pande zote, kila kinywele kimebeba vimwili vingine vidogo. Mimi niliiona nzuri kupita maelezo. Nikaiweka kwenye kadi za kwanjula, sherehe ya bibi harusi kumtambulisha mchumba kwa wazazi, nikaipaka dhahabu. Senga wa bibi harusi, shangazi mwenye kauli katika mambo yote hayo, alikuja na kadi mkononi. Alikuwa ameifunga kwenye leso ili asiiguse.

"Nyinyi naweka mende kwa kadi ya mtoto yetu?" aliuliza.

"Si mende, mama," nilisema. "Ni hesabu."

"Hesabu iko na miguu?" Akaisogeza kwenye mwanga, akaangalia kwa makini zaidi, na hilo lilikuwa kosa. "Na imebeba bitoto! Katonda! Mende iko na bitoto kwa mugongo!"

Nilitaka kumweleza kwamba vile vitoto ndivyo vinavyoifanya iwe ya ajabu. Kato akaniambia nilale chini, na safari hii hakukuwa na rula. Tulizichapa kadi upya kwa picha ya jimbi, lile jani la porini linaloota kwenye unyevu. Jimbi la mashine hutokana na kanuni nne tu. Programu inatupa nukta moja moja bila mpango unaoonekana, mwanzoni ni vumbi, kisha vumbi linaanza kuwa na nia, na mwisho ni jani ambalo kila ujani wake ni jani zima. Ushauri: mteja asikae pale wakati wa vumbi. Tulikuwa tunafunika skrini kwa kitambaa na kumwambia jani linaoga.

Palikuwa na aina nyingine, za ndimi za moto, nyuzi za mwanga zinazopindana kama moshi wa hariri. Hizo zilipendwa na wachungaji. Mmoja alichukua moja kubwa kwa ajili ya mkutano wa hadhara, na nilipopita uwanjani nikaona wameitundika kichwa chini. Nilimwendea kwa heshima nikamwambia. Akaitazama, akaniambia Roho anashuka, hapandi, kwa hiyo sisi ndio tulioikosea. Tangu hapo nilikuwa naziuza hivyo.

Kuhusu rangi nitasema jambo moja tu, kwa sababu hapa ndipo mnaponikera. Umbo lenyewe halina rangi. Rangi unaitia wewe, na ninyi mnaitia kama watu waliofungiwa dukani. Kato alikuwa na sheria: rangi tatu, na ya nne yenye haya. Ile yenye haya ndiyo inayofanya kazi. Jaribuni, kisha mje mnishukuru, au msije.

Sasa nawaeleza habari ya milima, kwa sababu mmeniuliza kama picha hizi ziliwahi kumfaa mtu. Mliuliza mkicheka. Mimi sitacheka.

Mlima wa mashine hufanywa hivi. Chukua uzi ulionyooka, uinue katikati kwa kiasi cha kubahatisha. Sasa una nyuzi mbili. Inua katikati ya kila mmoja, lakini kidogo kuliko mwanzo. Sasa zipo nne. Endelea hivyo hivyo bila kuchoka, na mashine haichoki, mpaka uzi unakuwa ukingo wa mlima wenye mabonde na makorongo. Ukibadilisha namba ya kuanzia, unapata mlima mwingine kabisa. Ukiongeza ukali, unapata mlima wa mawe. Ukipunguza, unapata vilima kama vya Makindye. Nilichapa milima mingi ya kalenda. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza iko wapi.

Hadi alipokuja Mama Furaha. Alikuwa Mkongo kutoka Kivu, muuza vitenge pale pale Kamwokya, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameiona kalenda yetu kwa kinyozi. Aliketi bila kukaribishwa, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Papa Barasa," aliniambia, "banasema weye unatengeneza milima."

"Natengeneza, mama."

"Mama yangu mzazi iko kwangu, kule Makindye. Macho inamwisha. Munganga amesema haitapita mvua hii. Anaomba kitu moja tu, aone mulima ya kwetu. Na picha hatuna. Tulikimbia na nguo ya mwilini."

Nilimweleza kwamba mashine haijui mlima wa kwao. Inabahatisha.

"Basi ibahatishe," alisema. "Mi nitakuwa hapa. Ikiufikia nitakuambia."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuutafuta. Alikuja kila siku baada ya soko, akaketi karibu nami na mfuko wake wa vitenge mapajani. Alinieleza mlima wao: mabega mawili, la kushoto limeshuka kama la mtu aliyebeba ndoo, chini yake ziwa, na upande mmoja kovu jekundu ambapo udongo uliporomoka siku za mvua. Mimi nilibadilisha namba, mashine ikachora, yeye akahukumu. "Apana, ile ni ya majirani." "Ile ina kiburi." "Ile nilipita wakati wa kukimbia, ondoa." Hiyo ya mwisho niliiondoa upesi sana, ingawa nilijua mlima ule haupo popote duniani.

Nami nilianza kuogopa. Kila jioni alinipa habari za macho ya mama yake. Mama hamwoni tena mtu wa mlangoni. Mama anamwaga chai pembeni ya kikombe. Kato, ambaye hakuwahi kuipenda kompyuta, alianza kuchelewa kufunga karakana. Alisimama nyuma yetu na mikono yake nyuma, na mlima ukikataliwa alisema kwa sauti ya chini, "Ingine."

Siku ulipotokea, mashine ilikuwa imefika mabegani tu. Mama Furaha alinishika mkono wa shati. Mstari ukashuka, bega la kushoto likalegea vile vile, na chini yake bonde likajipinda kuelekea mahali ambapo mimi ningeweka maji. Hakusema ndiyo. Alianza kulia kwa sauti, na mfuko wa vitenge ukaanguka chini. Mnangoja niseme kwamba hapo umeme ulikatika. Haukukatika. Niliihifadhi picha, nikatia ziwa, nikatia kovu jekundu, na Kato alitumia jioni yote kunielekeza kijani. "Hapana hii! Hii ya jeshi! Toa ya mugomba!" Mwisho akasema, "Haya, pita," na nilijua hamwambii mtu, anauambia mlima.

Nilichapa. Mama Furaha alikwenda nayo Makindye akiwa ameibeba kifuani, kesho yake akarudi nayo. Mama yake hakuweza kuiona. Karatasi ilikuwa giza kwake. Kitu pekee alichoweza kuona bado kilikuwa kitu kinachowaka, kama dirisha au taa.

"Basi mlete hapa," nilisema. "Skrini inawaka."

Mama Furaha alimleta kwa teksi. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, mkavu, amevaa kitenge kilichopigwa pasi, na alimkemea dereva, akaukemea mlango wetu kwa kuwa mwembamba, akamkemea Kato kwa kusimama kwenye mwanga. Kato aliondoka kwenye mwanga. Tulimkalisha mbele ya mashine, karibu kiasi kwamba pumzi yake ilitia ukungu kwenye kioo, nami nikawa nafuta.

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya bega la kushoto, akakishusha nalo.

"Njo yeye," alisema, yaani ndiye. "Nani amemuleta huku?"

Binti yake akafunika mdomo kwa mkono. Mimi nilihisi furaha ambayo sijawahi kuihisi katika kazi hii, kabla wala baada. Ningependa kuwaambia habari iliishia hapo.

"Nipeleke karibu," Bibi alisema. "Pembeni ya ile kovu kuna njia."

Ninyi mnajua kinachofuata, kwa sababu mnajua picha hizi. Nilichagua sehemu ya pembeni ya kovu, mashine ikaanza kuichora kwa ukubwa, mstari kwa mstari. Tukangoja. Palitokea mabonde madogo na mabega madogo.

"Karibu zaidi."

Nikaenda karibu zaidi. Mabega ndani ya mabega. Korongo, na ndani yake vikorongo. Alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo.

"Hapa ningeona muti ya maparachichi. Zaidi."

Nilikwenda zaidi, na kila nilipokwenda mlima ulifunguka, ukatoa mlima. Nilifahamu kwamba ningeweza kumpeleka hivyo mpaka jua lizame na asifike mlangoni kwa mtu yeyote.

"Nyumba haionekani," alisema.

"Mama," nilisema, "mashine hii inajua mlima tu. Ndani ya mlima inaweka mlima. Haijui nyumba."

"Tukitembea mpaka kesho?"

"Mpaka kesho, mama, ni mlima."

Mama Furaha alikuwa amenigeuzia mgongo. Ndipo Kato alipokuja mbio kutoka kona yake akiwa na brashi na kopo la rangi nyeupe, machozi yanamtoka waziwazi, tayari kupaka juu ya kioo chenyewe cha kompyuta ya mpwa wake.

"Nyumba ilikuwa wapi?" alifoka. "Sema! Sema haraka, mimi napaka!"

Bibi aligeuza shingo kuelekea ile sauti. Nadhani alikuwa amewahi kuulizwa maswali kwa Kiswahili cha aina hiyo, lakini hakuogopa. Alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wenye brashi, akaushusha chini taratibu.

"Usiweke nyumba, baba," alimwambia. "Nyumba ilichomwa, niliiona ikiwaka. Mi nilitaka kujua kitu moja. Kama kuna bantu balijenga juu yake."

Akanigeukia mimi, au akaigeukia harufu yangu ya wino.

"Papa, weye njo unaona. Kuna mutu?"

Niliiangalia skrini. Niliiangalia vizuri, kama mtu anayeangalia kweli, kutoka kona mpaka kona.

"Hakuna mtu, mama."

"Hata moja?"

"Hata mmoja. Ni mlima peke yake."

Alishusha pumzi ndefu, mabega yake yakalegea, na uso ule uliokuwa ukikemea tangu teksini ukawa uso wa mtu aliyefika. Akautazama tena mlima, karibu sana, bila kuomba kupelekwa popote. Baada ya muda Mama Furaha alifuta macho na kuniuliza kwa kunong'ona kama aizime mashine ili waende.

"Iache iwake," Bibi alisema. "Mi mwenyewe njo nitafunga."

Akafumba macho, akanyoosha mkono ili binti yake amwongoze mpaka mlangoni.